Okidi ikipukutika usiitupe jalalani!

Shoga yangu mmoja alinipigia simu usiku huku analia. Nikadhani kafiwa. Kumbe ua! Mchumba wake alimletea okidi kwenye kopo siku yake ya kuzaliwa, nyeupe, bomba mbaya. Mwezi wa tatu maua yote chini, limebaki bua tupu. "Hii ni dalili," akasema, "huyu bwana ananiacha." Okidi ilikuwa keshaiweka kwenye ndoo ya taka.

Nikamwambia: itoe huko haraka!

Mpenzi msomaji, pengine na wewe yamekukuta. Okidi ile ya madukani, yenye majani mapana mazito na maua kama kipepeo, kitaalamu inaitwa Phalaenopsis. Maua yake hudumu miezi 2 hadi 3, halafu huanguka. Hapo haijafa, inapumzika tu. Kazi yako ni kukata, ila siyo kukata ovyo kama unafyeka majani.

Kwanza, wembe. Tumia mpya, au choma mkasi kwenye moto uuache upoe. Okidi zina virusi vinavyosafiri kwa utomvu, na ukishaingia ugonjwa huo hauna dawa. Ukitoka mmea huu kwenda ule na wembe ule ule, umeshaambukiza. Kuchangia wembe ni noma hata kwa maua!

Pili, litazame bua. Likiwa bado kijani, hesabu vifundo kutoka chini, vile kama vya muwa. Kata juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu. Hapo tawi jipya linaweza kuchipua na kuchanua baada ya wiki 8 hadi 12. Likiwa limekauka, kata chini kabisa, bakiza kama sentimita 2. Na mmea ukiwa dhaifu, majani yamelegea, kata bua lote hata kama ni kijani, maana kuchanua tena kutauchosha.

Tatu, mizizi inayoning'inia nje ya kopo iache. Siyo uchafu, hiyo ndiyo inayovuta unyevu.

Angalia usichanganye na Dendrobium, ile yenye mashina marefu. Mashina yake ni ghala la maji na chakula, na hata yakikosa majani yanaweza kutoa maua tena. Huko ondoa kikonyo kikavu tu.

Wa Dar nao wasikate tamaa. Phalaenopsis hupenda usiku wenye ubaridi ndipo itoe bua jipya, kwa hiyo Juni hadi Agosti iweke karibu na dirisha, mbali na jua kali.

Shoga yangu alikata juu ya kifundo cha pili. Wiki kadhaa baadaye kikachomoza kitu cha kijani, halafu maua. Na yule bwana? Aliondoka kweli. Lakini shosti hana habari naye. Anasema okidi ile siku hizi ni yake mwenyewe.