Baiskeli ya Matope kwa Fedha Kidogo

Husimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, huko Ufaransa, askari mmoja wa cheo cha chini, Daniel Gousseau, alizoea kuendesha baiskeli yake msituni sambamba na wakubwa wake waliopanda farasi. Baadaye akawaalika rafiki zake washindane naye katika njia hizo hizo za matope na miti, na mwaka 1902 ubingwa wa kwanza wa Ufaransa katika mbio za namna hiyo ukafanyika kwa juhudi zake. Mchezo huo ndio unaoitwa leo saiklokrosi. Octave Lapize aliposhinda mbio kuu za kuizunguka Ufaransa mwaka 1910, alisema nguvu zake zilitokana na mazoezi ya matopeni. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, na mshindi alikuwa Mfaransa Jean Robic.

Katika mbio hizi mpanda baiskeli hashindi kwa miguu tu. Njia ni duara fupi la majani, mchanga na matope, lenye vizuizi vya mbao na vilima visivyopandika. Afikapo hapo hushuka, huitupa baiskeli begani, hukimbia, kisha huirukia tena pasipo kusimama. Kwa ajili hiyo baiskeli nyepesi na imara hutamaniwa na wote, nayo madukani Ulaya na Marekani ni ghali mno. Kijana mwenye mshahara mdogo na familia ya kulisha hawezi kuinunua ila kwa kuivunja bajeti ya nyumbani. Ndipo wengi wakagundua njia ya pili: kuchukua baiskeli kuukuu ya chuma, kuondoa mtambo wote wa kubadili gia, na kubakiza gia moja tu.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akatabasamu. Baiskeli za Phoenix, Hero na Raleigh zilizobeba ndizi, mkaa na maji katika nchi zetu kwa miaka mingi ni za gia moja, na fundi aliye chini ya mwembe ajua kwa nini: kisichokuwapo hakiharibiki. Matope huziba mtambo wa gia upesi, hukunja mkono wake na kuutupa ndani ya spoki. Gia moja haina mkono wa kukunjika.

Kununua fremu

Fremu inayofaa ni ile ya baiskeli za safari ndefu za miaka ya 1970 na 1980. Hizo zilitengenezwa na nafasi ya kutosha kati ya tairi na foki kwa ajili ya madigadi, na nafasi hiyo ndiyo itakayopitisha matope. Jambo la pili la kutazama ni pale ekseli ya nyuma inaposhikwa. Mwanya wake uwe umelala, ili gurudumu liweze kuvutwa nyuma na kuikaza cheni. Mwanya uliosimama wima hauruhusu hilo, na mwenye fremu hiyo hulazimika kununua kifaa cha kukazia cheni, yaani kurudisha matopeni ule ule mkono aliotaka kuuepuka.

Fremu kuukuu huficha siri. Mnunuzi apitishe kidole chini ya mabomba mawili, karibu na kichwa cha fremu. Rangi iliyokunjamana au bomba lenye uvimbe ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Kisha afunge uzi mwisho wa nyuma wa fremu upande wa kushoto, auzungushe kichwani na kuurudisha mwisho wa upande wa kulia, apime nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti pande zote mbili. Vipimo visipolingana, fremu imepinda. Mwisho, amwombe muuzaji alitikise na kulishusha tandiko mbele yake kabla ya kulipa. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka mingi ndani ya bomba la chuma hugandana nalo kama mfupa, na kuing'oa huweza kugharimu zaidi ya fremu yenyewe.

Kosa linalokula fedha

Hakuna penye hasara nyingi kama kwenye magurudumu, kwa sababu majina yake hudanganya. Ringi ya inchi 28 ya baiskeli za mizigo zenye breki za fito ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Ringi ya inchi 27 ya baiskeli nyingi kuukuu za safari ina milimita 630. Ringi iitwayo 700C, ambayo matairi ya saiklokrosi hutengenezwa kwayo, ina milimita 622. Kwa macho zote ni sawa. Tairi la moja halikai kwenye nyingine. Mtu anayenunua matairi kwanza na kupima ringi baadaye amezitupa fedha zake.

Tofauti ya 630 na 622 ina faida yake. Gurudumu la 622 likiingia mahali pa lile la 630, tairi hushuka milimita 4 mbali na fremu, na matope hupata nafasi zaidi. Lakini breki nazo hapana budi zishuke milimita 4. Raba za breki zisipofika kwenye ringi, breki ndefu zaidi zitafutwe kabla ya kitu kingine chochote.

Gia yenyewe ni hesabu ndogo. Baiskeli nyingi za aina hiyo zina magurudumu mawili ya meno mbele, la 52 na la 42. Lile kubwa huondolewa. La 42 likifanya kazi na frihwili ya meno 20 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu mara 2 na kidogo, na baiskeli husogea kama mita 4 na nusu. Kiasi hicho ndicho kinachofaa matope na vilima vifupi. Kwenye tambarare mpandaji atapitwa, hilo alikubali mapema. Frihwili za baiskeli ndogo za mbio za vumbi, zile za BMX, huingia katika habu nyingi zenye hesi za Kiingereza. Habu kuukuu za Kifaransa zina hesi tofauti, na kuilazimisha frihwili ni kuiharibu habu.

Cheni lazima ikimbie mstari mmoja ulionyooka. Ikienda mshazari itaruka, tena hasa wakati baiskeli inapotupwa chini baada ya kizuizi. Fundi huhamisha washa za ekseli kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hukaza na kulegeza spoki mpaka ringi irudi katikati. Kazi hii huchukua jioni nzima, nayo ndiyo inayotofautisha baiskeli na chuma chakavu.

Usukani, tandiko na pedali viokotwe popote. Lakini waya za breki, raba zake na cheni viwe vipya, na foki yenye ufa au iliyopinda isinyooshwe wala kuchomelewa. Foki ikikatika mteremkoni mpandaji huanguka kwa uso, na fedha iliyookolewa hapo itadaiwa na hospitali.

Baiskeli ikikamilika, cheni ichezecheze kama sentimita 1 katikati yake, nati za ekseli zikazwe kwa spana ndefu, na safari ya kwanza iwe fupi, uwanjani, penye vituo vingi vya ghafla. Spoki hulegea baada ya safari hiyo. Zikazwe tena kabla ya siku ya mbio.