Ukiambiwa "subiri nyumbani", uliza hadi lini

Machi 2020, ndege za kimataifa za abiria ziliposimamishwa Kenya, binamu yangu alishuka matatu hapa Nyamarambe na sanduku lake. Alikuwa mhudumu wa ndege. Kampuni yake, sitaitaja, ilimpa likizo bila malipo, "ya muda tu". Nyanya akamuuliza: "Utarudi lini?" Hakujua. Barua haikuwa na tarehe.

Shida iko hapo. Ukiachishwa kwa sababu kazi imepungua, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka upewe notisi ya mwezi mmoja na angalau malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliofanya kazi. Lakini ukiambiwa tu usubiri nyumbani, hupati mshahara wala hayo malipo. Na landilodi hangoji.

"Muda" nao hurefuka. Safari za kimataifa zilirudi Agosti 1, 2020. Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma, na moja ya madai yao ilikuwa michango ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa wakati wa korona.

Kwa hivyo, msee, kabla hujasaini: narudi lini? Kwa mshahara upi? Bima ya afya inaendelea? Miaka yangu kazini bado inahesabiwa? Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri ashauriane nawe masharti yakibadilika, na akujulishe kwa maandishi. Ipeleke barua hiyo kwa chama cha wafanyakazi mapema.

Binamu yangu alisaini bila kuuliza. Swali la nyanya lilimfikia kama amechelewa.