Jokofu Lipewe Muda Umeme Unaporudi

Jioni umeme unaporudi Musaga baada ya kukatika, watoto hupiga makofi, na kila nyumba huwasha taa na pasi kwa pamoja. Wakati huohuo jokofu la mama aliyehifadhi maziwa ya mtoto na samaki wa kuuza huunguruma kidogo, hulia "tak!", kisha hunyamaza. Wengi hudhani limekufa. Mara nyingi halijafa. Limeshindwa kuanza tu.

Kompresa ikizimika ghafla, gesi hubaki na mgandamizo mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili. Huchukua dakika 3 hadi 5 gesi kupenya katika mrija mwembamba hata pande zote zilingane. Mota ikilazimishwa kabla ya hapo ni kama askari aliyeamriwa kusukuma lori lenye breki: huvuta umeme mara kadhaa kupita kawaida, hupata moto, na kinga yake hukata. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 180, nguvu ya kuanzia hupungua kwa theluthi nzima. Kiyoyozi nacho huteseka vivyo hivyo.

Basi umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, ngoja dakika 5, taa zitulie, ndipo uchomeke. Pasi na isubiri. Jokofu likiendelea kugoma, fundi apime kiwashio cha mota, na kapasita kama ipo. Mwenye nyumba asiiguse, kwani kapasita huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Maziwa yaliyokwisha kupoa hustahimili saa 4 hivi, mradi watoto wasifungue mlango kuyachungulia.