Hatari za Kazini Zinazoingia Nyumbani

Akina mama wenzetu, baba anapotoka kwenda kazini tunamtakia riziki njema. Tujiulize pia anarudi na nini. Sisi wauguzi wa huku Mugango tunafahamu kwamba hatari nyingi za kazi huishia jikoni na kitandani.

ZIWANI. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, na dhoruba ya Ziwa Victoria haipigi hodi. Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto. Nasi tunaosimama majini kuosha vyombo tukumbuke kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, hata isiyo na kidonda. Kukojoa damu au kupata choo chenye damu si aibu, nenda zahanati. Dawa ipo, ingawa ukirudi majini waweza kuambukizwa tena.

KWENYE MOSHI. Unapokausha samaki, banika mahali pa wazi na usimame upande upepo unakotoka. Mtoto mchanga usimbebe mgongoni wakati huo. Mapafu yake bado ni machanga.

MACHIMBONI. Katika machimbo madogo ya mkoa wetu, kama Buhemba, dhahabu hunaswa kwa zebaki. Donge likichomwa, zebaki hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu, ukaingia mapafuni, kisha kwenye damu, ubongo na figo. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, hasira huzidi, na majirani husema amerogwa. Kwa mama mjamzito, sumu hiyo humfikia mtoto tumboni. Kitambaa puani hakiuzuii mvuke huo.

Kwa hiyo, donge lisichomwe nyumbani kamwe, wala kikaango kilichotumika kisirudi kupikia. Nguo za machimboni zifuliwe peke yake. Zebaki ikimwagwa mtoni huweza kufika ziwani, na samaki ndio kitoweo chetu. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ya kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020.

Aliyeajiriwa ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Mama, leo jioni baada ya chakula, muulize mwenzako kwa upole: unashika nini kazini, unavuta hewa gani, na unajikinga kwa kitu gani? Riziki ni njema mwenye kuitafuta akirudi mzima.