Punda wa Mteremkoni: Mizani Huanzia Miguu ya Nyuma

Njia ya miguu inayotoka ukingo wa kreta ya Empakaai hadi Engaresero, kando ya Ziwa Natron, hushuka zaidi ya mita 2,000. Watalii huishuka kwa starehe, kwa sababu mahema, maji na vyombo vyao vya kupikia vimebebwa na punda wa Wamaasai. Katika tarafa ya Sale na huku Karatu, punda wengine hupita kwenye miteremko ya namna hiyo na mahindi, kuni na madumu ya maji, bila mtalii wa kuwapiga picha. Mara nyingi mambo huharibika palepale: mzigo unateleza hadi shingoni, punda anasimama na kugoma, na mwenye punda anainua fimbo.

Fimbo hiyo inaadhibu mahali pasipo na kosa. Punda anayegoma mteremkoni kwa kawaida amepoteza mizani, na mizani ni jambo la kufundishwa.

Punda, kama farasi, akisimama huwa ameegemeza takriban asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, kwa kuwa kichwa na shingo viko upande huo. Tena hana mtulinga. Kifua chake kimeshikiliwa katikati ya miguu ya mbele kwa misuli na kano tu. Ukimshusha mteremko, uzito unazidi kuhamia mbele. Kinachoweza kuupunguza ni miguu ya nyuma: ikikanyaga ndani zaidi chini ya tumbo na nyonga zikakunjika, mgongo huinuka na mabega hupata nafuu.

Walimu wa farasi wanalijua hili tangu zamani. Mfaransa François Robichon de la Guérinière, katika kitabu chake cha mwaka 1733, alieleza zoezi la kumtembeza farasi mabega yake yakiwa yameingizwa kidogo upande wa ndani wa njia, ili mguu wa nyuma wa ndani ulazimike kuingia chini ya mwili. Shule za farasi zinalitumia mpaka leo.

Lakini punda wa shogi ana kazi ngumu kuliko farasi wa kupandwa. Mpandaji hodari huhama pamoja na mnyama wake, dumu halihami. Dumu lililojaa nusu ni baya zaidi, maana maji yanacheza ndani na kila hatua yanamsukuma punda pembeni. Tena punda hana kiinuko kikubwa cha mabega kama cha farasi, kwa hiyo tandiko lisilo na mkanda wa nyuma, ule unaozunguka makalio chini ya mkia, litateleza tu kwenda mbele. Kukaza zaidi mkanda wa tumbo si dawa. Huko ni kumbana pumzi na kumchuna ngozi.

Sasa mazoezi. Yaanze bila mzigo, kwa kamba ya kichwani, mfunzaji akitembea sambamba na bega la punda. Usitangulie ukamvuta, kichwa kinachovutwa huongeza uzito mbele. Tembeeni hatua kumi hivi, msimamishe, msubiri mpaka miguu yote minne isimame sawa, kisha muanze tena. Zoezi hili linaonekana dogo, na mimi naliweka juu ya mengine yote, kwa sababu mnyama hawezi kusimama vizuri bila kuingiza miguu ya nyuma chini yake. Akishalizoea, mrudishe kinyumenyume hatua mbili au tatu kwenye tambarare, kwa kumgusa kifuani. Ziwe chache, akilazimishwa sana hukaza mgongo.

Baada ya hapo mpeleke kwenye kilima kifupi. Kupanda kunajenga nyonga. Kushuka kunafundisha mizani, ila ashuke taratibu na kwa mstari ulionyooka, asimamishwe katikati ya mteremko, kisha aendelee. Udongo mwekundu wa Karatu ukilowa wakati wa masika huteleza kama sabuni, na punda anayekata mteremko kimshazari huponyokwa na miguu ya nyuma kwa pembeni. Siku hizo fanyeni kazi ya tambarare.

Fito nne zilizolazwa chini zinamfundisha kuinua miguu na kutazama anapokanyaga. Nafasi kati ya fito ipime kwa nyayo zake mwenyewe vumbini. Katika vijiji vya Wabatemi, kama Samunge na Digodigo, mifereji ya kumwagilia mashamba inaweza kufanya kazi ya fito, kwa ruhusa ya wenyewe na mahali ambapo kwato hazitabomoa kingo. Mzungushe pia kwenye duara pana, kulia na kushoto. Utaona upande mmoja ni mgumu kwake. Huo upewe muda zaidi.

Akiganda kwa hofu, mwache atazame. Farasi akiogopa hukimbia, punda husimama. Ukimpiga hapo atainua kichwa, mgongo utabonyea, na miguu ya nyuma itabaki nyuma. Yaani fimbo inaibomoa ile mizani uliyokuwa ukiijenga.

Mzigo uje mwisho, kwa vifuko viwili vya mchanga vyenye uzito uleule, ukiongezwa kidogo kidogo. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa mwaka 1969, limeweka kikomo cha kilo 50 kwa mtu anayempanda punda mzima, na wengi wa punda wetu ni wadogo kuliko wale wa Uingereza. Madumu mawili ya lita 20 tayari ni kilo 40, kabla ya tandiko. Manne ni kilo 80. Najua kisima kiko mbali na mama anaona afadhali amalize kwa safari moja, lakini kilo 80 mteremkoni hakuna zoezi litakalozifanya ziwe halali. Matatu nayo hayafai, kwani upande mmoja utalemewa.

Pingili za uti wa mgongo ndizo zinazochelewa kukomaa kuliko mifupa mingine, karibu na miaka mitano au zaidi. Kama una punda wa miaka mitatu, anza naye wiki hii: kusimama, kuanza, kilima kifupi, dakika chache kwa siku. Shogi lenye mzigo kamili lisubiri.