A Sita, na Bado Msaada Umekatwa

Tumchukue binti mmoja anayesoma katika chuo cha jimbo huko Marekani. Wazazi wake walitoka Uvira, Kongo, wakakaa miaka mingi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha wakapewa makazi mapya ng'ambo. Amemaliza mwaka wa kwanza. Kila muhula alijiandikisha kozi tano, na kila muhula, wiki ya saba au ya nane, akaacha mbili. Zilizobaki alizisoma kwelikweli: A tatu muhula wa vuli, A tatu muhula wa masika. Wastani wake ni 4.0, na juu ya hapo hakuna.

Juni inaingia barua pepe kutoka ofisi ya misaada ya fedha. Inasema hajatimiza masharti ya maendeleo ya masomo, kwa hiyo msaada wake umesimamishwa. Mama anasomewa barua ile, anashika kichwa. Neno la Kiingereza lililotumika ni lile lile la mtu aliyesimamishwa kazi, naye anaelewa kwamba mwanawe amefukuzwa chuo.

Hajafukuzwa. Agosti akitaka ataingia darasani kama kawaida. Kilichosimama ni pesa, na katika nyumba nyingi tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo.

Nataka kueleza barua ile imetoka wapi, kwa sababu wanafunzi wengi huisoma kama adhabu ya uzembe, wakajibu kwa kuomba radhi. Kumbe ni matokeo ya hesabu ya kugawanya, na jibu lake lina utaratibu wake.

Masharti haya ni ya nani

Misaada ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi wa vyuo inatokana na Sheria ya Elimu ya Juu ya 1965, ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini mjini San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma mwenyewe. Chini yake kuna ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi na ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Kuna pia mikopo ya serikali na kazi za chuoni kwa wanafunzi. Raia anastahili kuomba, na vilevile mwenye ukaazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokelewa rasmi. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hastahili.

Mwaka 1976 Bunge la nchi hiyo liliongeza sharti: anayepokea pesa hizi aonekane anasonga mbele kuelekea shahada au cheti chake. Sharti hilo hujulikana kwa herufi tatu, SAP. Serikali huweka kiwango cha chini kabisa, na kila chuo hutunga kanuni zake juu ya kiwango hicho. Chuo kinaweza kuwa kikali zaidi ya serikali, lakini hakiruhusiwi kulegeza. Ndiyo maana ushauri wa binamu anayesoma jimbo jingine unaweza kuwa sahihi kwake na ukakupoteza wewe.

Mizani tatu

Mizani ya kwanza inajulikana na kila mtu: wastani wa alama, yaani GPA. Kwa programu inayozidi miaka miwili, mwanafunzi anapomaliza mwaka wa pili anatakiwa awe na wastani wa C au unaolingana nayo, ambao kwa vyuo vingi ni 2.0. Vyuo vingi hudai kiwango hicho mapema zaidi.

Mizani ya pili ndiyo iliyomnasa binti yetu. Ni ya mwendo. Chuo huchukua krediti ulizofaulu, kikazigawanya kwa krediti ulizojitwisha tangu siku ya kwanza. Katika vyuo vingi jibu lisipungue asilimia 67. Kozi zake ni za krediti tatu kila moja, kwa hiyo kila muhula alijitwisha krediti 15 akafikisha 9. Kwa mwaka mzima alijitwisha 30, akafikisha 18. Kumi na nane kwa thelathini ni asilimia 60. A zake sita ziko salama kwenye mizani ya kwanza, lakini hii ya pili haiulizi ulifaulu kwa alama gani. Inauliza, katika mzigo uliouinua, ulifikisha kiasi gani.

Mizani ya tatu ni ya muda. Programu isizidi asilimia 150 ya urefu wake. Shahada ya krediti 120 ina dari ya krediti 180 za kujitwisha, na ile ya miaka miwili yenye krediti 60 ina dari ya 90. Wala chuo hakisubiri ugonge dari. Siku hesabu inapoonyesha kwamba huwezi tena kumaliza kabla ya kuifikia, msaada husimama siku hiyo.

Hapo ndipo 67 inapoeleweka. Gawanya 120 kwa 180 upate theluthi mbili. Anayekwenda kwa mwendo huo atamaliza safari wakati dari inamgusa utosi. Anayekwenda pole zaidi hatafika.

Nini kinahesabika

Kozi unayoiacha katika siku za mwanzo za muhula, wakati dirisha la kuongeza na kupunguza kozi bado liko wazi, kwa kawaida haihesabiki kabisa. Dirisha likishafungwa, ukiacha unapata W. Wanafunzi huambizana kwamba W haina madhara kwa sababu haigusi GPA, na ni kweli haiigusi. Ila kwenye mizani ya mwendo W na F ni ndugu: zote ni mzigo uliojitwisha ukauacha njiani. Mshika mbili moja humponyoka, na chuo kinahesabu zote mbili.

Alama ya I, ya kozi ambayo haijakamilika, nayo huhesabika kama haijafaulu mpaka uikamilishe. Kozi uliyorudia huingia mara mbili upande wa mzigo: ulifeli krediti tatu, ukazirudia ukafaulu, basi umejitwisha sita umefikisha tatu. Krediti za chuo cha zamani ambazo chuo kipya kimezikubali huhesabika pande zote mbili, na hizo husaidia. Kozi za Kiingereza kwa wageni hutofautiana chuo na chuo, kwa hiyo kabla ya kujiandikisha uliza zinaingiaje katika hesabu hii.

Mihula uliyolipa kwa mfuko wako nayo imo. Kukaa nyumbani mwaka mmoja au kumi hakufuti kitu. Baba anayerudi chuoni na watoto watatu atazikuta F zake za ujanani zikimsubiri pale pale alipoziacha. Baadhi ya vyuo vina utaratibu wa kusamehe alama za zamani kwenye GPA, lakini msamaha huo hauondoi krediti hizo katika hesabu ya msaada wa serikali kuu.

Kabla ya barua

Vyuo vinavyopima kila muhula vinaweza kumpa mwanafunzi onyo: muhula mmoja zaidi wa msaada, bila kuomba, ajirekebishe. Vinavyopima mara moja kwa mwaka haviruhusiwi kutoa onyo hilo. Huko mwanafunzi hutoka moja kwa moja kwenye hali nzuri hadi kusimamishwa. Chuo cha binti yetu ni cha namna hiyo, ndiyo maana Januari hakusikia neno lolote.

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza, Agosti, siku unapokwenda kuchukua kitambulisho, ni hili: mnapima lini?

Jambo jingine ni tofauti ya kuacha kozi moja na kuacha zote. Ukiondoka kabisa kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, chuo lazima kikokotoe sehemu ya msaada uliyostahili kwa siku ulizosoma, na iliyobaki irudi serikalini. Katika muhula wa wiki 15, mpaka huo ni wiki ya tisa. Chuo kikisharudisha pesa hizo, mara nyingi hukugeukia wewe na ankara. Wengine huacha kuhudhuria bila kumwambia mtu, wakidhani kimya ni salama. Muhula ukiisha na F tupu, chuo hulazimika kuchunguza kama kweli ulimaliza muhula au ulitoweka katikati, na ikibainika ulitoweka, hesabu ile ile hufanyika nyuma yako.

Rufaa si kuomba radhi

Vyuo vingi hupokea rufaa. Kanuni za serikali zinataja kufiwa na ndugu, kuumia au kuugua kwa mwanafunzi mwenyewe, na mazingira mengine maalumu. Barua ya rufaa inatakiwa ijibu maswali mawili tu: nini kilikufanya usitimize masharti, na nini kimebadilika hata uweze kuyatimiza.

Rasimu ya kwanza ya binti yetu ilikuwa na mistari sita. Aliomba msamaha, akasema masomo yalikuwa magumu, akaahidi kujitahidi zaidi na kumtegemea Mungu. Ni barua ya adabu, na kwa mwalimu mkuu wa Kigoma pengine ingetosha. Kwa ofisi ile haina kitu. Ugumu wa masomo si mazingira maalumu, na ahadi ya kujitahidi si badiliko.

Ukimwuliza taratibu kwa nini kozi alizoacha zote zilikuwa za Jumanne na Alhamisi asubuhi, ndipo jibu linatoka. Baba ana maradhi ya figo. Husafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Hajui Kiingereza, na binti ndiye mdomo wake. Alikuwa anakaa pembeni ya mashine akitafsiri kwa muuguzi, huku mhadhara wa kemia ukiendelea upande wa pili wa mji.

Kwa nini hakuandika? Kwa sababu maradhi ya baba ni siri ya nyumba, na mtoto aliyelelewa vizuri hamtangazi mzazi wake kwa watu baki. Heshima hiyo naielewa, nami nimelelewa nayo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa yaliyo hatarini ni masomo ya mtoto. Mtumishi wa ofisi ile hataipeleka habari barabarani, kwani faili la mwanafunzi linalindwa na sheria ya faragha. Anachohitaji ni tarehe, na karatasi inayozithibitisha.

Karatasi ndiyo nusu ya rufaa. Kwa ugonjwa, ni barua ya kituo cha matibabu yenye tarehe zinazooana na wiki kozi zilipoachwa. Kwa msiba uliotokea Kongo au Burundi, ambako cheti cha kifo huweza kuchukua miezi, uliza mapema ofisi inakubali nini badala yake, kama barua ya kanisa au msikiti au ya mamlaka ya mtaa, na uambatanishe tafsiri ya Kiingereza.

Angalia pia majina ya undugu. Ukiandika kwamba umefiwa na baba mdogo, Kiingereza kitamfanya awe sawa na mjomba wa mbali, mume wa shangazi, na hata jirani aliyezoeleka. Msomaji atajiuliza kwa nini muhula mzima ulipotea kwa ajili yake. Mwandike kwa kazi aliyoifanya: ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, ndiye aliyenilipia shule. Sentensi moja hiyo inambadilisha marehemu kuwa yule unayemlilia.

Rufaa ikikubaliwa, mwanafunzi huwekwa katika kipindi cha matazamio, kama mfanyakazi mpya. Hupewa muhula mmoja wa msaada, au mpango wa masomo uliopangwa na mshauri: kozi ngapi, zipi, kwa alama zisizopungua ngapi. Msaada huendelea maadamu mpango unafuatwa. Rufaa ikikataliwa, njia iliyobaki ni kujilipia hadi mizani zikae sawa, na hapo wengi huhamia kwenye chuo cha jamii chenye ada nafuu. Chuo hicho nacho hutazama krediti ulizokuja nazo.

Lile swali la pili

Binti aliandika upya. Sehemu ya kwanza sasa ilikuwa na tarehe za matibabu na barua ya kituo. Ilibaki ya pili: nini kimebadilika? Baba hajapona, na maradhi ya figo hayasubiri kalenda ya chuo.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna hata mmoja nyumbani aliyekuwa ametazama. Vituo vya afya vinavyopokea pesa za serikali kuu ya Marekani vinatakiwa kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani, bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kiswahili kimo katika lugha zinazotafsiriwa kwa simu nchini humo kila siku. Kituo hakikuwahi kumleta mkalimani kwa sababu binti alikuwa pale kila asubuhi ya matibabu, akifanya kazi hiyo vizuri.

Basi aliomba mkalimani kwa maandishi, akaambatanisha jibu la kituo. Akaambatanisha pia ratiba ya vuli: kozi nne badala ya tano, zote za mchana. Akifaulu krediti zote 12 atakuwa amefikisha 30 kati ya 42, ambayo ni zaidi ya asilimia 71.

Barua ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Neno samahani halikuwemo.