Rangi Isiachiwe Kusema Peke Yake

Kiswahili kimeziita rangi nyingi kwa majina ya vitu: kijani imetokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Mkazi wa Kyela, aliyezungukwa na mashamba ya mpunga na mikakao, hahitaji kuelezwa kijani ni nini. Kompyuta haijapata kuona jani, hivyo huitambua rangi kwa msimbo wa tarakimu na herufi sita: mbili za nyekundu, mbili za kijani na mbili za bluu, kila jozi ikianzia 00 hadi FF. Nyekundu iliyokolea huandikwa #FF0000; mojawapo ya kijani zinazotumika sana ni #008000. Kwa mpangilio huo hupatikana rangi zaidi ya milioni 16.

Jambo hili lamhusu nini mtumishi wa afya? Tuutazame utepe wa MUAC, unaopima mzingo wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Manjano, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, ni utapiamlo wa kadiri. Kijani, kuanzia 12.5, haioneshi utapiamlo kwa kipimo hicho.

Sasa tuseme bango la elimu linaandaliwa kwa ajili ya simu, likitumia misimbo miwili tuliyoitaja. Machoni petu rangi hizo ni mbalimbali kabisa. Kwa mwangaza, hata hivyo, uwiano wake ni takriban 1.3 kwa 1 tu. Bango likipitishwa kwenye mashine ya fotokopi isiyo na wino wa rangi, hatari na usalama vitatoka kijivu kinachokaribiana. Mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani, hali ya kurithi inayowapata zaidi wanaume, naye anaweza kushindwa kuzitofautisha. Maandishi meupe juu ya manjano (#FFFF00) ndiyo mabaya zaidi: uwiano wake ni karibu 1.1 kwa 1, ilhali mwongozo wa kimataifa wa kurasa za wavuti hutaka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Maandishi meusi juu ya manjano hiyo hiyo hufikia 19. Katika jua kali la mchana ufukweni Matema, tofauti hiyo ndiyo huamua kama mama atasoma ujumbe au ataurudisha mfukoni.

Kwa hiyo, kila rangi iandamane na neno, namba na hatua ya kuchukua: “NYEKUNDU, chini ya sm 11.5: mpeleke mtoto kituoni leo.” Kabla ya kusambaza bango, litoeni nakala isiyo ya rangi, kisha lisomeni juani kwenye simu ya bei nafuu.

Nawe mzazi, mtoto anapopimwa, uliza namba pamoja na rangi. Tena kumbuka: mtoto akivimba miguu yote miwili, na ukibonyeza kwa kidole pakabaki shimo, mwahishe kituoni hata kama utepe umesoma kijani. Uvimbe huo ni dalili ya utapiamlo mkali, na utepe hauwezi kuuona.